Gesti ya Bibi, Ujiji: nyumba inayojua kumpokea mtu mwenye mizigo

Nianze na hukumu yangu, ili mwenye haraka asilazimike kusoma hadi chini. Kama unakwenda Kigoma kwa biashara, hasa kama wewe ni mwanamke unayesafiri peke yako na mizigo, lala Ujiji kwa Bibi. Vyumba ni vinne. Bei ni shilingi 15,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, na chakula cha jioni chenye samaki ni 5,000. Nyumba haina kibao. Iko mtaa wa ndani, ng'ambo ya njia iendayo kwenye makumbusho ya Livingstone: kuta za chokaa, mwembe mbele, baraza refu. Vijana wa bodaboda wa Ujiji wanaijua kwa jina hilohilo, kwa Bibi.

Mimi ni mtu wa Tabora, mitaa ya Ng'ambo. Napeleka asali na karanga Kigoma, narudi na mawese na dagaa. Kazi hii imenilaza gesti nyingi kati ya kwetu na ziwa: Urambo, Kaliua, Uvinza kule kwenye chumvi, Mwanga, hadi chini mjini karibu na stesheni. Nyingine zina televisheni chumbani na maji ya moto ya bomba. Kwa Bibi hakuna hivyo. Ninachokisifu ni mapokezi, na nitayaeleza moja baada ya jingine, kwa sababu kumpokea mgeni ni kazi. Ina mpangilio wake, na anayeijua unamwona tangu mlangoni.

Kwanza niseme hali ilivyo kwingine. Unashuka kwenye basi jua limeshazama, umekaa kutwa nzima, miguu imevimba, una ndoo za asali za lita ishirini ambazo zikilala tu zinavuja. Unafika mapokezi. Ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa KARIBU SANA MGENI WETU. Binti aliyekaa chini ya maandishi hayo yuko kwenye simu, na swali lake la kwanza, kabla ya salamu, ni "Uko na nani?" Ukisema uko peke yako, anakutazama juu mpaka chini. Kisha kitambulisho. Kisha hela. Kisha anakuonyesha kwa kidevu: chumba cha mwisho kule. Ndoo unazibeba mwenyewe, safari mbili au tatu, huku wanaume waliokaa sebuleni wakikuhesabu. Hapa sisemi juu ya gesti moja. Wanawake wenzangu wa biashara wanajua ninachokisema, na wengi tumeshazoea hata hatulalamiki tena. Nadhani tumezoea kitu kibaya.

Kwa Bibi nilipiga hodi nikiwa bado nje ya lango, na "karibu" ikatoka ndani kabla hajaniona mimi ni nani. Hilo nalitaja kwa makusudi. Aliyekuwa akipiga hodi angeweza kuwa mtu yeyote, na neno lilikuwa limeshatolewa. Akatoka mjukuu wake, kijana wa kama miaka kumi na sita, akanipokea ndoo na kuniuliza, "Shikamoo mama. Huu mzigo unasimama au unalala?" Hakuna gesti nyingine iliyowahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia unasimama, ni asali. Akaipeleka stoo, akaiweka juu ya mbao zilizosimamishwa ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande, akaja kunionyesha ilipo na kunipa ufunguo wa stoo nikae nao mwenyewe.

Ndipo Bibi akatoka. Shikamoo Bibi, marahaba mwanangu. Salamu za Kigoma, hasa kwa Waha wa umri wake, hazikatizwi: anapiga makofi mepesi huku akiuliza, na wewe unajibu huku ukipiga, habari za safari, za nyumbani, za watoto, za mvua, za mazao. Nikamwambia kwetu asubuhi tunasema mwangaluka. Akalirudia mpaka akalishika, na kesho yake alfajiri ndilo alilonisalimia nalo. Wakati salamu zinaendelea mjukuu alishaleta jagi na beseni. Nikanawa mikono na uso. Kisha maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kupozwa mtungini, kikombe cha kwanza na cha pili bila kuulizwa kama nataka cha pili.

Halafu akanitajia bei. Chumba elfu kumi na tano, chai imo ndani. Chakula elfu tano ukitaka samaki, elfu moja mia tano ukitaka ugali na sombe tu. Kuchaji simu bure. Maji ya kuoga ya moto, mia tano, kwa sababu ya mkaa.

Hapa watu wengi watanipinga, lakini nitalisema hadi nichoke: kutaja bei mapema ni sehemu ya ukarimu. Tumezoeshwa kwamba mwenyeji mwema hazungumzi hela, kwamba hela ikitajwa undugu unaondoka. Mimi nimeshakaa kwenye nyumba ambayo kila nilicholetewa niliambiwa "we kula tu, dada, jisikie nyumbani", na asubuhi nikaletewa hesabu iliyokula faida ya ndoo nzima. Usiku ule sikulala vizuri hata kabla ya kuiona hesabu, kwa sababu kila chai niliyopewa ilikuwa na swali ndani yake. Bibi alinitajia nikiwa nimeshakunywa maji, sijaingia chumbani, bado ningeweza kushukuru na kuondoka. Baada ya hapo nilikula kwa nafasi. Mgeni anayejua anachodaiwa ana uhuru wa kupumzika, na huo uhuru ndio kitu cha kwanza ambacho mwenyeji anaweza kumpa.

Kitabu cha wageni kililetwa baada ya kula. Serikali inakitaka, na Bibi anakijaza vizuri kuliko gesti nyingi za mjini: jina, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho. Kwa hiyo utaratibu haukurukwa. Uliwekwa tu mahali pake, baada ya maji na chakula, na mtu aliyeshiba hujaza kitabu bila kuhisi anahojiwa.

Nilimuuliza kwa nini maji yanatangulia maswali. Akanisimulia Mei 2015. Mwezi ule maelfu ya Warundi walikuwa wamekimbilia Kagunga, kile kijiji cha mpakani ambacho nyuma yake ni mlima na mbele ni ziwa, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Walikuwa wakifikia Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Bibi na majirani zake walipika uji na kuupeleka kwa madumu. "Mwanangu, mtu aliyetoka majini ukimuuliza jina, jina halimtoki," aliniambia. "Mpe anywe kwanza. Jina litakuja lenyewe." Alisema hivyo huku akichagua mchele, hata hakuinua kichwa. Nimefikiria maneno yake tangu siku ile kila ninapoona fomu imetangulizwa mbele ya mtu aliyechoka, hospitalini, ofisini, popote.

Tuje kwenye chakula, na hapa sitakuwa na haraka.

Nilitaka dagaa wabichi. Bibi akasema hamna, mbalamwezi, na hataki kuniletea wa juzi. Kwa msiojua: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa inamulika majini, vijidudu vya maji vinakusanyika, dagaa wanavifuata, na migebuka wanawafuata dagaa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu mbele yake, samaki wanatawanyika, na wavuvi wengi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo siku hizo mwenye kukuletea "dagaa fresh wa leo" mtazame vizuri. Hata bei sokoni inakwenda na mwezi, na sisi wanunuzi wa jumla tunapanga safari kwa kuangalia juu. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, Bibi anasema alipika maharage na sombe miezi yote mitatu na ukweli huo alimwambia kila mgeni mlangoni, kabla mgeni hajashusha begi.

Badala ya dagaa nikapata kuhe, aliyenunuliwa kwa mvuvi wa ndoana. Kuhe ana nyama nyeupe, laini, yenye mafuta kidogo, na mtu wa Kigoma akikupikia kuhe ujue amekuheshimu. Alimkausha kwanza kwa moto mdogo, akamuunga kwa mawese, kitunguu, nyanya na pilipili moja nzima ambayo haikupasuliwa, ili harufu iingie na ukali ubaki pembeni. Mawese yake ni mekundu kweli, mazito, hayana ule ukali wa kooni unaotokana na mafuta yaliyokaa. Aliniuliza kama natumia ugali wa muhogo au wa sembe. Sisi Tabora wote wawili tunaula, nikachagua wa muhogo, na ulikuja unanata vizuri, hauna mchanga, hauna harufu ya kuvunda. Sombe, kile tunachokiita kisamvu, ilitwangwa kwa kinu, haikusagwa, kwa hiyo ukitafuna unakutana na jani. Ningemlaumu kwa chumvi tu: ilikuwa pungufu, na chumvi haikuwa mezani mpaka nikaomba. Pale Uvinza ni jirani tu, Bibi!

Tulikula uani, wageni wote pamoja: mfanyabiashara wa vitenge kutoka upande wa Kongo anayezungumza Kiswahili chake cha kule, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, mchukuzi wa mizigo wa Kibirizi, na mimi. Mchukuzi alilipia ugali na sombe. Bibi alimpakulia wa kwanza, kwa sahani ileile kubwa tuliyotumia sisi wa samaki, kwa sababu alikuwa na mitumbwi ya kupakia usiku. Hakuna aliyepelekwa pembeni. Nimeona migahawa ambapo mtu mwenye shati lenye chumvi ya jasho mgongoni anaonyeshwa benchi la nje, anahudumiwa akikumbukwa. Kama nikitakiwa nitoe kipimo kimoja tu cha mapokezi ya nyumba yoyote, nitamtazama mteja aliyelipa kidogo kuliko wote amekaa wapi.

Katikati ya kula akapita jirani. Ukila Kigoma na mtu akipita, unamwambia "karibu", na yeye anajibu "asante, starehe", mnaachana. Ni adabu ya kawaida nchi nzima, na mara nyingi wote wawili wanajua hakuna atakayekaa. Bibi alipomwambia yule jirani "karibu", mkono wake ulikuwa umeshakivuta kigoda. Jirani akasema ametoka kula sasa hivi. "Basi nawa, uonje." Akanawa, akamega tonge moja, akasifu, akaondoka. Mfanyabiashara wa vitenge akaniambia ndivyo inavyokuwa kila jioni, na kwamba Bibi hupika sahani moja zaidi ya idadi ya wageni. Sahani hiyo isipopata mtu, mjukuu anaimaliza.

Kuna jambo la historia nataka kuliweka hapa, maana gesti iko hatua chache tu kutoka lilipo makumbusho. Wageni wengi wanaokwenda pale wanakwenda kwa ajili ya Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871. Mimi kinachonigusa ni kilichotokea siku chache kabla. Livingstone aliingia Ujiji Oktoba ya mwaka ule akiwa mgonjwa, amekonda, na akakuta mali aliyotumiwa imeshauzwa yote na mtu aliyekabidhiwa. Hana kitu. Akamjia mfanyabiashara Mwarabu, Said bin Majid, akamwambia faragha kwamba yeye hana bidhaa lakini ana pembe za ndovu, amruhusu auze pembe ampe bidhaa. Livingstone alishukuru, akasema bado kwanza. Najua biashara ya misafara ile ilibeba pia watumwa, na sisi watu wa Tabora tunaijua njia hiyo kuliko wengi, kwa hiyo simvishi mtu yeyote wa wakati ule kanzu nyeupe. Ila namna ya kutoa ndiyo iliyonikaa: alimsubiri wawe wawili tu, akamwachia mgeni nafasi ya kukataa bila kuaibika. Mtu wa Ujiji anajua kwamba msaada mbele za watu unaweza kumdhalilisha anayeupokea. Bibi naye, alipogundua mwanafunzi wetu amepungukiwa, alimwita jikoni. Yaliyosemwa huko siyajui, na ndivyo inavyotakiwa.

Usalama. Bibi analala chumba cha langoni. Usiku mtu alipiga hodi na mwenzake wakitaka chumba cha kukaa saa mbili tu. Akawajibu kwa upole kabisa kwamba nyumba yake ni ya kulala mpaka asubuhi, akawatakia usiku mwema, akafunga. Komeo la mlango wangu lilikuwa zima, la chuma, linafungwa kwa ndani, na dirisha lina nondo. Kwa mwanamke mwenye pesa za mzigo, hayo ni zaidi ya televisheni.

Upungufu upo na ni haki msomaji aujue. Choo na bafu viko nje, na taa ya ujia ilikuwa imeungua, chukua tochi. Mvua ikinyesha bati linapiga kelele hamsikilizani. Soketi ziko sebuleni tu. Risiti hakuna, anakuandikia kwenye karatasi ya daftari, kwa hiyo mtumishi anayetakiwa kurudisha risiti ofisini atapata tabu. Na Bibi anauliza. Baada ya kula atataka kujua watoto wako wako darasa la ngapi, mama yako anaumwa nini, kwa nini hujapiga simu nyumbani. Mimi nilifurahi kuulizwa. Kama wewe ni mtu wa kutaka kuachwa, hutaipenda nyumba hii, na kuna hoteli nzuri kando ya ziwa ambazo hazitakusemesha.

Siku ya kuondoka, saa kumi alfajiri, mjukuu aligonga mlango, mwangaluka ikafuata nyuma yake, chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha ikiwa tayari. Madumu yangu ya mawese, niliyonunua mchana uliotangulia, nilikuta yamewekwa karatasi ya nailoni chini ya vifuniko na kufungwa kwa mpira, maana mawese ya moto yakitikiswa garini hupenya. Sikuwa nimeomba. Akaniambia pia bei halali ya bajaji hadi stendi, ili nisije nikapigwa.

Nikataka kumwachia nusu lita ya asali. Akaikataa kama zawadi. Akaniuliza nauza bei gani sokoni, akanihesabia bei hiyohiyo, hakupunguza wala hakuongeza. "Wewe uko kazini, na mimi niko kazini," akasema. Zawadi, akaniambia, nije nimletee siku nitakapokuja Kigoma bila mzigo wa kuuza, kumtembelea. Sijawahi kwenda Kigoma bila mzigo. Sasa nina sababu.

Ya mwisho ni ya utendaji. Vyumba vinajaa mapema siku zinazotangulia safari za meli na siku za giza wakati dagaa ni wengi, kwa hiyo fika kabla ya magharibi. Ukikuta pamejaa hatakurudisha barabarani. Atakupeleka kwa jirani mmoja mwenye chumba cha ziada, kwa bei ileile, na chakula utakuja kula kwake. Ukipata nafasi ya kuchagua, omba chumba cha tatu. Chandarua cha chumba cha pili kina tundu upande wa miguuni, na mbu wa Ujiji si wa kuchezea. Nimemwambia Bibi, ameahidi kukishona.